Siku saba ziwani tukiwafuata kereng'ende na vunjajungu

Jumamosi, Luchelele

Safari hii imetokana na swali la mpwa wangu. Mwakani anaingia darasa la tano, na likizo ya Desemba hata wiki haijamaliza. Alikuwa amekaa barazani kwangu Nyegezi, Mwanza, akaniuliza: "Mjomba, kereng'ende na vunjajungu wakikutana, nani anamla mwenzake?"

Nafundisha biolojia mwaka wa 11 sasa, na jibu la haraka nilikuwa nalo. Nilipotaka kulitoa nikaona kwamba ninachokijua ni michoro ya vitabuni. Sijawahi kukaa nikamtazama kereng'ende akiwinda mpaka akala. Nilikuwa na safari ya kwenda kisiwani Ukerewe kumsalimia mama, basi nikamwambia afungashe nguo, twende wote, tukaangalie kwa macho yetu.

Leo tumeanzia karibu, Luchelele, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Saa mbili asubuhi jua lilikuwa limeshachoma, mitumbwi imevutwa juu, dagaa wameanikwa. Tulipoanza kutembea kwenye nyasi fupi kando ya maji, kereng'ende wakaanza kutufuata. Ni wadogo, urefu wa kidole cha mwisho, na madume wana ukanda mweusi uliokatiza kila bawa. Tukienda, wanaruka chini chini usawa wa magoti. Tukisimama, wanatua mchangani wote, wanatulia.

"Wanatupenda," mpwa akasema.

Nikamwambia abaki pale pale, nitembee peke yangu. Wakanifuata mimi, yeye wakamwacha. Akatembea yeye, wakamhamia yeye. Nikahesabu 14 nyuma ya visigino vyake. Ndipo tukachuchumaa tukaangalia vizuri. Kila hatua yetu ilikuwa inafumua vijinzi vilivyolala kwenye nyasi, na kereng'ende wanavidaka vikiwa hewani. Nyuma ya ng'ombe nao hufanya vivyo hivyo, kama yangeyange. Kwao sisi ni ng'ombe wa miguu miwili.

Namna anavyodaka ndiyo iliyonishika. Nilidhani humkimbiza mdudu kutoka nyuma mpaka amfikie. Sivyo. Mchezaji mzuri haufuati mpira ulipo, anakimbilia utakapodondokea, na kereng'ende ndivyo anavyoruka. Anakwenda mahali ambapo kijinzi kitakuwa, siyo kilipo sasa. Miguu yake sita yote imesogea mbele karibu na kichwa, ina vinywele vigumu, na akiikusanya inakuwa kapu. Kwa kutembea miguu hiyo haifai kitu. Mkimtazama akiwa mchangani hamtamwona akipiga hatua mbili za maana. Ni miguu ya kushikia na kudakia tu. Watafiti waliomrekodi kwa kamera za kasi wamekuta anafanikiwa zaidi ya mara 9 katika kila majaribio 10. Simba wa Serengeti, majirani zetu hapa, hukosa mara nyingi kuliko anavyopata.

Mpwa alitaka kuingia majini kuwafuata. Nilimkatalia. Kichocho bado kipo sana kwenye fukwe hizi, na siingii bila mabuti ya mpira.

Jumapili, Saanane

Boti kutoka Capri Point haichukui hata dakika 10. Kisiwa hiki kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na wengi huja kutazama swala na pimbi. Sisi tulikuja kumtafuta vunjajungu, na asubuhi nzima hatukumpata. Tuliona mijusi ya mawe, wale madume wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu ambao jina lao la kisayansi limetokana na Mwanza yetu, Agama mwanzae. Tuliona kereng'ende hadi tukachoka kuwahesabu.

Mwishowe askari aliyetuongoza alisimama, akanyoosha kidole kwenye nyasi kavu. "Huyo hapo. Mmempita mara tatu."

Alikuwa wa kahawia, mwembamba kama kijiti. Upepo ukivuma, nyasi zinayumba, naye anayumba nazo. Mpwa aliinama hadi pua ikakaribia, na vunjajungu akageuza kichwa kumtazama. Wadudu wengi hawana shingo ya kufanya hivyo. Katikati ya kila jicho kulikuwa na kitone cheusi, na mtoto akisogea kushoto, kitone kinasogea naye. Akienda kulia, nacho kinakwenda. Alirudi nyuma haraka.

Kitone hicho si mboni. Jicho la mdudu limejengwa kwa vijicho vingi vidogo vilivyopangwa kama masega ya nyuki, na vile vinavyokuelekea moja kwa moja vinameza mwanga, vikaonekana vyeusi. Kereng'ende naye anacho. Tofauti ni mpangilio. Macho ya kereng'ende yamekichukua kichwa chote na kukutana utosini, na kwa wale wakubwa kila jicho lina vijicho karibu 30,000, anaona juu, pembeni na karibu hadi nyuma. Ya vunjajungu yamekaa kwenye pembe mbili za kichwa cha pembetatu, yote mawili yakitazama mbele.

Jumatatu, melini kwenda Nansio, Ukerewe

Saa tatu na ushei juu ya maji. Mwezi umekwisha, usiku ni giza, na wavuvi wa dagaa walikuwa wanarudi na taa zao. Mbele yetu, mbali, nguzo za moshi zilikuwa zinapanda kutoka ziwani kama mtu anachoma mkaa juu ya maji. Mpwa aliuliza kama kuna meli inaungua. Ni vijidudu. Watoto wao hukua chini ya ziwa, na baadhi ya jamii zao hupanda kwa pamoja mwezi unapoandama, mamilioni kwa mamilioni. Mtu akipita katikati yake anafumba mdomo.

Kereng'ende mmoja wa rangi ya manjano iliyofifia alisafiri nasi, mabawa yake ya nyuma mapana, akielea upande wa upepo bila kupiga mabawa sana. Huyu naamini ni Pantala flavescens, msafiri mkubwa kuliko wote. Mwaka 2009 mtafiti Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldives, alitoa hoja kwamba makundi yanayotokea visiwani kule kila mwaka yako njiani kutoka India kuja Afrika Mashariki, juu ya bahari tupu. Nilimweleza mpwa, akamtazama mdudu yule kwa muda mrefu, kisha akamsogezea kipande cha chapati. Hakukitaka.

Jumanne, kwa mama

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekonda. Mjomba wako hakulishi?"

Baada ya chai na matobolwa tukamweleza kilichotuleta. Mama akatucheka, akatupeleka nyuma ya nyumba kwenye mchungwa. Vunjajungu wa kijani alikuwa ameketi karibu na maua, mkubwa, tumbo nene, jike. Miguu ya mbele ameikunja kifuani. Watu humwona kama anayesali, lakini mikono ile ni visu vya kukunja: paja lina safu ya miiba, na kipande kinachofuata nacho kina miiba, vikifunga vinakutana kama mtego wa panya.

Tulikaa kwenye mkeka kumngojea. Saa nzima. Nyuki walikuja wakaondoka, na kila nyuki kichwa cha vunjajungu kilimfuata polepole. Waliokuwa mbali hakuwanyooshea mkono. Kisha nyuki mmoja akatua kwenye ua lililokuwa karibu, na ninaweza kusema kwa ukweli kwamba sikuona kitu. Nyuki alikuwa juu ya ua, halafu nyuki alikuwa kwenye miiba. Katikati hapakuwa na tendo ambalo jicho langu liliwahi kulikamata. Pigo lile huchukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Akaanza kula nyuki akiwa hai, dakika 12 kwa saa yangu, mabawa yakadondoka chini moja moja. Alipomaliza alipitisha miiba yake mdomoni, mstari kwa mstari, kama paka anavyojilamba.

Anajuaje kwamba sasa amefika karibu? Hili ndilo ninalolipenda kwake. Anapima umbali kwa macho mawili, kama sisi tunavyofanya tukitia uzi kwenye sindano. Mtafiti Samuel Rossel alilionyesha mwaka 1983. Baadaye Jenny Read na wenzake wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, wakawabandika vunjajungu vimiwani kwa nta ya nyuki, lenzi moja ya buluu na nyingine ya kijani, wakawaonyesha sinema ya mdudu anayeonekana kusogea mbele ya kioo. Vunjajungu wakapiga hewa tupu, pale pale ambapo mdudu angekuwa. Matokeo yalitoka mwaka 2016, na vunjajungu waliotumika ni wa jenasi ya Sphodromantis, wa huku huku Afrika, jamaa wa karibu wa vunjajungu wakubwa wa kijani kama huyu wa mchungwani.

Mchana lilitokea jambo lililoniumiza. Mpwa alipata vunjajungu wa pili kwenye mpera, mdogo, dume, akamkamata na yule jike akawatia wote kwenye chupa ya asali ili "wasiwe wapweke". Niliona, nikasema tutawatenganisha baada ya kula. Tuliporudi kulikuwa na jike, mabawa mawili na mguu mmoja. Mtoto alilia sana. Kosa lilikuwa langu. Ninafundisha jambo hili darasani. Si kila jike humla dume, huko mashambani madume wengi huondoka salama, lakini ndani ya chupa hana pa kukimbilia, na mwenye njaa hachagui.

Mama hakumgombeza. Alimfuta machozi, akasema: "Sisi tulipokuwa wadogo tuliambiwa usimshike. Ukimshika, chungu cha kwanza utakachogusa kitavunjika. Ndiyo maana ya jina lake." Kisha akaongeza kwamba amewahi kumwona mmoja kwenye mchungwa huu huu akiwa ameshika kereng'ende, anamla kuanzia kichwani.

Mpwa alinyamaza, akanitazama. Swali lake lilikuwa limejibiwa, na niliona halijamridhisha.

Usiku vunjajungu mwingine aliruka hadi kwenye taa ya barazani, macho yake sasa meusi kabisa. Mchana huwa ya kijani. Popo walikuwa wanapita juu. Vunjajungu ana sikio moja tu, lipo chini ya kifua katikati ya miguu ya nyuma, na linasikia sauti nyembamba za popo ambazo sisi hatuzisikii. Watafiti Yager na Hoy walilieleza mwaka 1986. Akiisikia akiwa anaruka, hujibwaga ghafla kuelekea chini.

Jumatano, majaruba

Nilitaka kumwonyesha mtoto kereng'ende kabla hajaota mabawa. Chini ya shamba kuna majaruba ya mpunga, na kando yake kidimbwi kisichokauka. Nilishona kipande cha chandarua kikuukuu kwenye waya, nikavaa mabuti, nikakokota kwenye matope ya pembeni. Mara ya tatu tukapata watatu, tukawatia kwenye beseni jeupe la mama.

Mpwa alisema ni buibui. Hakukosea sana kwa sura: miguu sita iliyotanuka, mwili wa rangi ya tope, umeota manyoya ya ukungu wa maji, urefu wa haragwe na nusu. Hakuna kilichofanana na yule mwenye mabawa ya kioo. Vitabu vya Kiswahili humwita mtoto wa namna hii tunutu, kwa sababu hapitii hatua ya buu. Anajivua gamba hadi anafanana na mkubwa. Vunjajungu naye hukua hivyo hivyo, ila yeye hutoka kwenye kifuko cha povu lililokauka akiwa tayari ni vunjajungu mdogo kama mbu. Wa kereng'ende huanza maisha mengine kabisa, chini ya maji.

Nilinyunyiza mchanga kidogo nyuma ya mkubwa wao. Chembe zikavutwa kuelekea nyuma ya tumbo lake, kisha zikasukumwa, zikavutwa tena. "Anapumua," nikasema. Matamvua yake yako ndani ya tumbo, mwishoni, na maji yanaingia na kutoka hapo. Nikamgusa kwa kijiti. Akayatoa maji yale kwa nguvu, akafyatuka hadi upande wa pili wa beseni bila kusogeza mguu.

Kutoka kwenye pipa la maji ya mvua nilichota viluwiluwi vya mbu, nikamimina. Vikaanza kupinda na kupindua juu ya vichwa vyao. Tunutu mkubwa hakutikisika. Mpwa alikuwa ameegemeza kidevu kwenye ukingo wa beseni, lenzi yangu ya kukuzia mkononi. Nusu saa ikapita. Kiluwiluwi kimoja kikashuka mbele yake, kikasimama umbali wa punje ya mpunga. Kisha hakikuwepo, na mdomo wa tunutu ulikuwa unatafuna.

"Mjomba, umeona mkono?"

"Sijaona."

"Kuna mkono umetoka kidevuni!"

Tukatafuta gamba tupu kwenye matete, yale yanayobaki kereng'ende akishatoka, na tulipata manne. Nililoweka moja majini lilainike, nikalilaza chali juu ya kiganja cha mpwa, nikaingiza mwiba wa mchungwa chini ya kidevu, nikavuta polepole. Uso wake ulikuwa umefunikwa kama amevaa barakoa. Barakoa ikafunguka, ikasogea mbele, ikanyooka, ikaonyesha kiwiko katikati kilichokuwa kimekunjwa kati ya miguu. Ncha yake ina vibanio viwili vipana kama vijiko, ukingoni vina meno madogo na ndani vinywele virefu. Ni mdomo wa chini huo. Kwetu sisi ungekuwa kama midomo yetu kunyooka hadi kiunoni. Maelezo ya siku nyingi ni kwamba anaufyatua akibana tumbo na kusukuma maji ya mwilini kwenda mbele. Tumbo lile lile analopumulia na kukimbilia.

Nilikuwa nimemweleza kila siku kwamba hawa wawili ni wawindaji wa namna mbili: mmoja hufuata hewani, mwingine huvizia. Mpwa aliukunja mdomo ule kwa mwiba, akaukunjua, akaukunja tena. Halafu akasema, bila kunitazama: "Kumbe akiwa mtoto yeye ndiye vunjajungu wa majini."

Nimefundisha mdudu huyu miaka yote hii, na sikuwahi kuliunganisha. Rangi ya mahali alipo, kutulia kwa saa nzima, kungoja mpaka umbali utimie, pigo la mkono uliokunjwa ambalo jicho haliwahi. Vyote tulivyovikuta mchungwani vilikuwa kwenye beseni. Na undugu wa karibu hawana, vunjajungu ni wa ukoo mmoja na mende na mchwa. Ninapolinganisha tena sitaweza kuanza na mabawa. Kereng'ende wengi huishi sehemu kubwa ya umri wao wakivizia. Kuruka ni wiki zao chache za mwisho.

Alhamisi

Mvua kutwa nzima. Tumecheza bao na mama, ametushinda wote wawili. Tunutu mkubwa amekataa kula tangu jana jioni na vifuko vya mabawa mgongoni vimevimba. Nimesimika fito ya tete ndani ya beseni, nikalisogeza barazani.

Ijumaa, alfajiri

Mama ndiye aliyetuamsha, saa kumi usiku, taa mkononi. "Njooni, mdudu wenu ametoka majini."

Alikuwa amepanda fito, shubiri mbili juu ya maji, kucha zimeng'ang'ania. Mgongo ulipasuka taratibu, mstari mmoja, nyama ya rangi ya maziwa ikajitokeza, kisha macho. Kifua kikatoka, miguu ikafuata, akajibwaga nyuma akaning'inia kichwa chini, nikadhani amekufa. Nusu saa hivi. Mpwa alinishika mkono muda wote. Ghafla akajikunja kuelekea juu, akashika gamba lake mwenyewe kwa miguu, akavuta tumbo likatoka lote. Ndani ya gamba vilibaki vijiuzi vyeupe, bitana ya mirija yake ya kupitishia hewa.

Mabawa yalikuwa makunyanzi kama karatasi iliyofinyangwa. Yalinyooka yakiwa hayana rangi, kisha yakang'aa. Katika saa zile hawezi kuruka, hawezi kuuma, ni laini kama uji. Siafu mmoja angetosha. Mama alizungushia majivu chini ya beseni.

Saa moja na nusu jua likagusa baraza. Akatetemesha mabawa, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, akaachia fito. Nilitegemea aelekee ziwani. Hawaendi huko wakiwa wachanga; huondoka majini kwanza, wakakomae mbali. Alipanda juu ya paa la jikoni akiyumba, akazunguka, akaelekea nyuma ya nyumba.

"Mjomba," mpwa akasema, ameshaanza kukimbia, "huko ndiko kwenye mchungwa!"